KIJANA NA MERCEDES KUUKUU

Apitaye Ukunda kwa barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga ataona kando ya njia magari yaliyooshwa vizuri yakingoja wanunuzi. Mengi ni Toyota ndogo na pikapu za kazi. Lakini mara kwa mara huwamo katikati yao Mercedes-Benz, au BMW, au hata Range Rover, magari ya fahari ambayo yalipokuwa mapya bei yake ilishinda bei ya nyumba nzuri ya mawe. Sasa yanauzwa kwa bei ya Toyota. Kijana mwenye leseni na akiba kidogo akiyatazama hana budi kujiuliza kwa nini anunue gari la kubebea viazi, hali gari la wakubwa liko mbele yake kwa fedha zile zile.

Swali hili si la upuuzi, wala si kosa mtu kupenda gari zuri. Katika Kwale lina uzito wake zaidi tangu Desemba 2024, wakati kampuni ya Base Titanium ilipomaliza kuchimba mchanga wa madini, kazi ambayo shehena yake ya kwanza ilipelekwa ng'ambo mwaka 2014. Mtu aliyezoea mshahara wa kila mwezi, akarudi nyumbani na malipo ya mwisho, ana fedha ambazo hatazipata tena kwa urahisi. Zikipotea katika gari, zimepotea.

Na afikiriwe kijana mmoja wa Msambweni, mwenye umri wa miaka 24, aliyekuwa dereva wa mshahara na ambaye sasa ana shilingi 700,000 benki. Ameonyeshwa Mercedes-Benz E240 ya mwaka 2004, rangi ya fedha, viti vya ngozi, kwa shilingi 650,000. Nia yake ni kulikodisha kwa harusi na kuchukua wageni wa hoteli za Diani. Kabla ya kulipa akamwendea mjomba wake, kama iwapasavyo Wadigo, ambao kwa mila yao ya kale urithi ulipita upande wa mjomba. Mzee huyu aliendesha lori miaka mingi kabla ya kurudi kwenye minazi yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya gari nimekwisha kuisikia."

"Naam, mjomba. Ni Mercedes kamili, na bei yake ni bei ya Probox."

"Vema. Na plagi zake, ni plagi ngapi?"

Kijana hakuwa na jibu, na wengi wangekuwa kama yeye. Injini ya E240 ina silinda 6, na kila silinda ina plagi mbili. Basi jumla ni plagi 12. Probox ina 4. Ukimwaga oili ya Mercedes hiyo, hutia tena lita kama 8; Probox hutosheka na lita zisizofika 4. Hata jina la gari lenyewe si kweli tupu, maana lasema 240 na injini ni ya lita 2.6. Wala si kwamba injini hiyo ni mbovu. Mafundi wengi huisifu, nayo huendeshwa kwa cheni wala si kwa mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda. Neno ni hili, ya kuwa gari hushuka bei mwaka hata mwaka, lakini spea zake hazishuki pamoja nalo. Anunuaye kwa shilingi 650,000 gari lililouzwa kwa mamilioni amepata upungufu katika bei ya kununua tu. Pampu, taa, kompyuta na ngozi za breki bado zinauzwa kana kwamba mwenye gari ni mtu yule wa kwanza.

Petroli nayo ni vivyo hivyo. Kutoka Msambweni hadi Likoni na kurudi ni kama kilomita 100. Gari la silinda 6 litakunywa lita 11 au 12, na Toyota ya lita 1.3 itakunywa 6 au 7. Mwezi wa Oktoba 2023, petroli ilipopanda ikapita shilingi 210 kwa lita, tofauti hiyo ilikuwa kama shilingi elfu moja kwa safari moja. Bei hutangazwa upya na EPRA kila tarehe 14 ya mwezi, na dereva hana sauti katika hesabu hiyo.

Lakini jambo la kutazamwa kuliko yote katika Mercedes za aina hii ni breki. Zile zilizotengenezwa tangu mwaka 2002 hadi 2006 zilitiwa breki za namna ya pekee, zinazoendeshwa kwa umeme na pampu. Kompyuta yake huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu ikifika kikomo chake gari huonya kwa maandishi ya hatari ya kwamba pampu imemaliza umri. Watengenezaji wenyewe waliyaita magari mengi yarudi kukaguliwa mwaka 2004, na tena mwaka 2005, na hatimaye wakarudia breki za kawaida. Tena kuna hatari kwa fundi. Breki hizi zaweza kujikaza zenyewe wakati gurudumu limefunguliwa, kwa hiyo hazina budi kuzimwa kwa kompyuta kabla ya mtu kutia mkono. Fundi wa chini ya mwembe aliyezoea Toyota, asiyejua jambo hili, aweza kupondwa vidole. Je, muuzaji amelieleza? Aghalabu hakulieleza, na pengine hata yeye halijui.

Aina nyingine zina magonjwa yao. BMW za mfululizo wa 3 zilizotengenezwa kati ya 1998 na 2005 zinajulikana kwa vyombo vya plastiki vya maji ya kupozea injini, ambavyo hupasuka vikizeeka. Na gari likingoja kwenye foleni ya feri Likoni saa saba ya mchana, huo ndio wakati wake. Range Rover za mwaka 2002 hadi 2012 husimama juu ya mipira ya hewa badala ya springi za chuma, na mpira mmoja ukitoboka gari hulala upande mmoja kama dau lililoachwa na maji. Juu ya hayo, pwani ina adui wa gari lolote: hewa ya chumvi. Gari lilalalo karibu na bahari Diani au Gazi huliwa na kutu chini yake na katika viungo vya nyaya za umeme. Kadiri gari lilivyo na nyaya nyingi, ndivyo chumvi inavyopata mahali pa kula. Na akipata safari ya Lukore au Kinango, njia za huko hazijali kama gari lilijengwa Stuttgart.

Kijana alikuwa na hoja. Mita ya gari, akasema, yaonyesha kilomita 82,000 tu. Hapa sheria yenyewe yamsaidia mwenye kufikiri. Nchi ya Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa likiwa na umri uzidio miaka 8. Basi Mercedes ya mwaka 2004, ikiwa haikuuzwa mpya hapa hapa, iliingia nchini si baada ya mwaka 2012. Tangu hapo imekuwa ikitembea katika barabara za Kenya, juu ya kilomita ilizokuja nazo. Namba za usajili nazo husema: zile zianzazo na KD zilianza kutolewa mwaka 2020, na gari lenye KB au KC limekaa hapa tangu kabla ya hapo. Mita yenye kilomita 82,000 katika gari kama hilo yaweza kuwa kweli, lakini muuzaji ndiye wa kuthibitisha, kwa risiti za huduma zenye tarehe.

Wengine watasema, basi aagize lake kutoka Japani. Hesabu yake si siri. Tangu mwaka 2023 ushuru wa forodha kwa magari haya ni asilimia 35. Juu yake huja ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini ipitayo lita 1.5, na asilimia 35 kwa injini ya petroli ipitayo lita 3. Kisha VAT, asilimia 16. Kila kodi hutozwa juu ya ile iliyotangulia. Kwa gari lenye thamani ya shilingi 1,000,000 forodhani na injini ya lita 2.6, kodi hizo tatu peke yake ni shilingi 957,500. Tena thamani hiyo hupangwa na KRA kwa orodha yake wenyewe, wala si kwa risiti ya mnunuzi. Njia hiyo si ya mwenye shilingi 700,000.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa Kwale huijua kuliko wengine, kwa kuwa mpaka uko karibu. Sheria ya Tanzania haikatazi kuingiza gari la zamani bali hulitoza kodi zaidi, na hivyo dalali aweza kumnong'oneza kijana habari ya gari la namba ya Tanzania lililovuka Horohoro. Gari lililopita umri wa miaka 8 halitasajiliwa Kenya hata likiwa zuri namna gani. Alinunuaye amenunua taabu mikononi mwa polisi na forodha.

Na kazi ya kuchukua wageni? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa sheria, lakini bima ya gari la binafsi si bima ya gari la kukodi. Dereva achukuaye abiria kwa malipo akiwa na bima ya binafsi, akapata ajali, kampuni yaweza kukataa mzigo huo au kumgeukia yeye ailipe. Hata bima iliyo sawa ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila madai, na mahakama ikiamuru zaidi, ziada ni ya mwenye gari. Basi kijana hana budi kuwa na bima ya kazi hiyo na leseni za NTSA zipasazo gari na dereva, na yote yana ada. Tena makampuni mengi hayapendi kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, maana yake gari likiibwa au likiungua hasara ni ya mwenyewe.

Logibuku pia isisahauliwe. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na gari la fahari linalouzwa kwa haraka mara nyingine kamba yake ni mkopo. Mkopeshaji akiwa ameandikishwa kama mwenye haki juu ya gari, mnunuzi aweza kuamka akute limevutwa. Tangu sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana ya mali zinazohamishika, daftari la mikopo hiyo laweza kutafutwa, na utafutaji wa namna hiyo pamoja na ule wa NTSA ni gharama ndogo mno mbele ya shilingi 650,000.

Haifai kusema ya kuwa gari hili halimfai mtu yeyote. Mwenye duka aliye na pikapu yake ya kazi, anayemjua fundi mwenye kompyuta, na ambaye gari likilala gereji miezi miwili hatakosa chakula, mtu huyo atapata kiti kizuri, mwendo mtulivu na mifuko ya hewa ya kumkinga kifua katika ajali. Kwake ni starehe iliyonunuliwa kwa bei ya haki. Katika miaka ya 1960 watu wa Afrika Mashariki walitunga neno Wabenzi kwa ajili ya wakubwa wapandao magari haya, na neno hilo lilikuwa na mzaha ndani yake. Lakini angalau Wabenzi wale spea hawakuzilipia kwa fedha za kula. Kwa kijana wa Msambweni, gari ni jembe. Akilinunua hili atabaki na shilingi 50,000 za kubadilisha jina, za bima, za oili lita 8, na za matairi. Jembe hilo litavunjika kabla ya mvua ya kwanza. Probox kwa fedha hizo hizo itabeba wageni leo na nazi kesho, na kila fundi kutoka Ukunda hadi Lunga Lunga amekwisha kuifungua.

Mjomba hakumkataza. Alimwambia waende pamoja wakalitazame, wakamchukua fundi wa Ukunda mwenye kompyuta yake ndani ya mfuko. Fundi alifungua mlango wa dereva, akasimama kimya akisikiliza mvumo wa pampu ya breki. Kisha akatoa waya wake atafute mahali pa kuuchomeka. Muuzaji akasema betri ni dhaifu siku hiyo, kompyuta ingeimaliza.

"Basi tutangoja betri ipate nguvu," mzee akasema. "Betri ikishapona utuite, mwanangu."

Walirudi Msambweni kwa matatu, na kijana hakusema neno mpaka Gazi. Baada ya wiki tatu hawakuwa wameitwa. Gari lilikuwa bado pale pale kando ya njia, na karatasi nyuma ya kioo ilikuwa imebadilishwa: shilingi 590,000.