"Mvua za Wastani" ni Wastani wa Wapi?

Mnunuzi wa mbegu wa Hedaru akisikia kwamba masika yatakuwa "ya wastani", asidhani ameahidiwa mvua ya Tanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hupima mvua ya kila eneo kwa kawaida ya eneo hilo lenyewe. Mji wa Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Tambarare za Same hupata kama nusu yake, na wastani wa hapa kwa mtu wa Tanga ni ukame.

Sababu ni milima. Pepo za Bahari ya Hindi huipanda Upare kutoka mashariki, hupoa na kumwaga maji huko juu; zikiteremka upande wa Hedaru zimekwisha kukauka. Ndiyo maana wingu hufunika kilele huku vumbi likitimka barabarani.

Kwa hiyo tunamshauri mnunuzi asome kwenye mfuko siku za mbegu kukomaa kabla ya kulipa, wala asitosheke na kuambiwa kwamba mbegu hiyo ilistawi Lushoto. Mfuko na stakabadhi avihifadhi hadi mavuno. Bila hivyo, malalamiko yake ni magumu kuthibitishwa.