Hesabu Ukifanyiwa na Mwengine, Utaihakiki Vipi?

Mwanafunzi wa Umoja au Buruburu, kule Eastlands jijini Nairobi, leo aweza kutuma hesabu yake kwa intaneti ikafanywe na kompyuta ya kwantamu iliyoko ng'ambo. IBM ilifungua mlango huo mwaka 2016. Mashine hizi ni ghali mno, basi wengi wetu tutazikodi tu, hatutazimiliki.

Hapo pazuka maswali mawili. Vipi mwenye mashine asiione siri yangu? Na akinirudishia jibu, nitajuaje ni sahihi? Hesabu nyengine ni rahisi kuhakiki, lakini nyingi haziko hivyo. Kuzirudia kwa kompyuta ya kawaida kungechukua umri wa mtu na zaidi.

Mwaka 2009 Anne Broadbent, Joseph Fitzsimons na Elham Kashefi walitoa njia. Mteja hutuma chembechembe za mwanga, kila moja ameigeuza kwa pembe aijuayo yeye peke yake. Mashine hufanya kazi bila kujua inakokotoa nini. Na siri hiyo ndiyo inayozaa uhakiki.

Chukua mfanyabiashara wa Gikomba anayempa karani kazi ya kujumlisha. Ndani yake achanganya hesabu chache ambazo majibu yake anayajua tayari. Karani hajui mitego ni ipi. Akibuni majibu huenda akapona mara moja, lakini kazi ikirudiwa rudiwa, atanaswa. Watafiti wa Vienna walijaribu mbinu hiyo kwa mwanga na kuchapisha matokeo 2013. Mwaka 2018 Urmila Mahadev akaonyesha kuwa hata mteja mwenye kompyuta ya kawaida tu aweza kuhakiki, mradi fumbo fulani la hisabati liwe gumu hata kwa kwantamu.

Yatuhusu nini? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru IEBC ifungue seva zake. Tume haikutii kikamilifu, na hilo likahesabiwa dhidi yake matokeo ya urais yalipofutwa Septemba 1. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo zikawekwa hadharani, mkazi wa Kayole akaweza kujumlisha mwenyewe. Kwantamu haikuwamo, lakini swali ni lile lile: nani atakagua mashine nisiyoiona?

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku benki na hospitali zetu zitakapokodi mashine hizi, tusiulize bei pekee. Tuulize na uthibitisho.