Hesabu Zake Ziko Wapi?

Chati za wanahisabati zinazobandikwa kwenye kuta za madarasa hufanana kama pacha. Juu kuna Newton, Euler au Gauss aliyechorwa kwa penseli, chini mwaka wa kuzaliwa, wazazi, shule, ndoa, kifo. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo maana manila imejaa: "Alitoa mchango mkubwa katika hisabati." Mchango gani? Hapo mwenye chati hujikuna kichwa.

Wala si uvivu. Tarehe hunakiliwa tu, ilhali hesabu ni lazima uifanye mwenyewe. Ndiyo maana klabu za hisabati za kaunti za Migori na Homa Bay, Kenya, nazishauri zianze na kazi, maisha yafuate, na zimtafute mtu wa karibu badala ya kumrudia Gauss kila mwaka.

Ukisimama Muhuru Bay ukaelekeza uso magharibi, mji ulio ng'ambo ya Ziwa Viktoria, mbali usikoweza kuona, ni Bukoba. Huko alizaliwa mwaka 1954 Verdiana Grace Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata shahada ya uzamifu katika hisabati. Alisoma Shule ya Sekondari ya Jangwani, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Amefundisha Dar es Salaam na Rwanda, na ameandika pia kuhusu wasichana na sayansi. Kwa upande wa maisha, aya hiyo inatosha.

Kazi yake ni mtiririko wa viowevu ndani ya mabomba. Anza na maji. Chukua mirija miwili myembamba yenye urefu sawa, mmoja ukiwa na kipenyo maradufu ya mwenzake, upitishe maji polepole kwa msukumo uleule. Mrija mpana utapitisha maji mara ngapi zaidi? Wengi hukisia mara mbili. Anayekumbuka kanuni ya eneo la duara husema mara nne. Jibu ni mara 16. Maji yanayogusa ukuta wa mrija hushikwa na ukuta, na yaliyo jirani yake hucheleweshwa na hayo. Ukipanua tundu, eneo linaongezeka mara nne, lakini pia maji ya katikati yanakaa mbali zaidi na ukuta, hivyo kasi ya wastani nayo inapanda mara nne. Nne mara nne. Jean Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kuelewa mwendo wa damu, alilipima jambo hili katika mirija ya kioo katika karne ya 19. Hesabu hii mwanafunzi wa sekondari anaiweza, na akiifanya mbele ya wenzake hakuna atakayesinzia.

Sasa chukua rangi ya kupaka nyumba. Ikiwa kwenye brashi imeganda, haidondoki. Ukiisugua ukutani inalegea na kusambaa. Mnato wake hubadilika kulingana na nguvu inayoisukuma, kwa hiyo ile 16 haiaminiki tena. Hapo ndipo alipoingia Masanja. Katika shahada ya uzamili alichunguza viowevu vya aina ya Reiner–Philippoff: vikisukumwa kidogo vina mnato mmoja, vikisukumwa sana vina mwingine, na katikati huhama kutoka huu hadi ule. Tena bomba lake lilikuwa la duara, na kiowevu zaidi kiliingizwa kupitia ukuta wake. Berlin alishughulikia aina nyingine, ya Reiner–Rivlin, kwa njia ya kukadiria kwa tarakimu. Milinganyo ya namna hiyo mara nyingi haitoi kanuni fupi ya kuandika ubaoni. Mtafiti huligawa bomba katika vipande vidogo, akahesabu kasi kwenye kila kipande, na kurekebisha mpaka vipande vyote vikubaliane.

Mwanafunzi haombwi kuitatua milinganyo hiyo. Anaombwa aeleze swali lilikuwa nini na kwa nini maji ni rahisi kuliko rangi. Kama ningekuwa mwamuzi wa simpoziamu ya shule, chati yenye mirija miwili na ile 16 ingeishinda picha maridadi ya penseli.

Pa kuanzia ni kichwa cha tasnifu, kwani mara nyingi hicho pekee hutaja swali zima. Chuo Kikuu cha North Dakota State, Marekani, hutunza nasaba ya wanahisabati: nani alisimamiwa na nani, akaandika nini. Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kina wasifu wao kwa maelfu. Soma kwa tahadhari lakini. Kile kisa cha mtoto Gauss kujumlisha 1 hadi 100 kwa dakika chache tumekirithi kutoka kwa rafiki yake Sartorius von Waltershausen, aliyekiandika mwaka 1856, Gauss akiwa ameshafariki, na humo 1 hadi 100 haitajwi kabisa. Waliosimulia baadaye ndio walioiongeza.

Upo pia upande wa pili, kazi isiyo na jina. Thimlich Ohinga, kule Migori, ni kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikipita mita nne kwenda juu, na tangu 2018 ni Urithi wa Dunia. Mjenzi hajulikani jina. Sipendi kumwita mwanahisabati, sifa hiyo tumeigawa ovyo mno, ila ukuta unapimika: unene, kimo, pale unapopinda. Anayetaka kuueleza aende na futi ya fundi.

Kwa walio hai, msihangaike mbali. Chuo Kikuu cha Rongo kiko kaunti ya Migori, cha Tom Mboya kiko Homa Bay, na vyote vina wahadhiri wa hisabati. Mwandikieni mmoja kabla muhula haujaisha, mwiteni Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo, kwa heshima, na badala ya kumuuliza alizaliwa lini, mwombeni awaonyeshe hesabu moja iliyomsumbua na jinsi alivyoimaliza. Nendeni na daftari na kalamu. Simu itanasa sauti, lakini milinganyo ya ubaoni mtainakili wenyewe.