Kulipia Moshi kwa Upepo

Kiwanda kinapochoma makaa ya mawe au mafuta, hutoa moshi. Ndani ya moshi huo mna hewa isiyoonekana kwa macho. Inaitwa hewa ukaa. Ikizidi angani, huzuia joto lisitoke duniani. Ni kama mtu aliyejifunika mablanketi matatu usiku: lazima atoke jasho.

Hewa haina mipaka. Moshi wa Ulaya huongeza joto hata kwetu. Kwa hiyo katika Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997, nchi tajiri ziliruhusiwa kulipia kazi ya kupunguza moshi katika nchi nyingine. Baadaye kampuni nyingi zilifuata njia hiyo kwa hiari. Kila tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa huandikiwa cheti. Kampuni hununua cheti hicho.

Tutazame mfano wa Kenya. Karibu na Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, upepo huvuma kwa nguvu sana. Hapo imesimamishwa mitambo 365. Kila mtambo una mapanga matatu. Upepo huyazungusha, umeme ukapatikana bila kuchoma kitu. Mitambo yote pamoja inaweza kutoa megawati 310. Umeme wake ulianza kuingia katika nyaya za taifa mwaka 2018. Bila upepo huo, sehemu ya umeme ingetoka kwenye mitambo ya mafuta. Moshi uliookolewa hapo ndio unaoandikiwa vyeti.

Lakini tuelewe vizuri. Kampuni iliyonunua cheti haikuzima moshi wake. Cheti kina maana ikiwa tu mtambo usingejengwa bila fedha hizo. Kama ungejengwa vyovyote vile, kampuni imenunua karatasi. Tena cheti kimoja kisihesabiwe mara mbili, kama mbuzi aliyeuzwa kwa watu wawili mnadani.

Liko pia suala la ardhi, na mimi naona hili ndilo kubwa. Wakazi wa Marsabit walikwenda mahakamani kuhusu ardhi ya mradi huo. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hatimiliki zake zilipatikana bila kufuata sheria. Mitambo ilikuwa imekwisha kusimama.

Siku hizi mikataba ya hewa ukaa hufika hata vijijini, kwa ajili ya misitu au majiko. Ukija kwenu, usomwe wote mkutanoni kabla ya mtu kutia sahihi. Ulizeni: ni wa miaka mingapi? Nani atauza vyeti? Kijiji kitapata fungu gani, na lini?