Nguvu ya Pigo Huanzia Miguuni

Mlimaji mzoefu wa Igawa, Tanzania, hupiga jembe kwa miguu na kiuno. Mikono humalizia tu. Besiboli, ambayo sasa huchezwa katika baadhi ya shule za Tanzania, inafuata kanuni hiyohiyo. Mpigaji huegemea mguu wa nyuma, hukanyaga mbele, goti la mbele hunyooka kuuzuia mwili usiendelee kwenda, na nyonga huzunguka kabla ya mabega. Kutangulia huko kwa nyonga huvuta misuli ya kiwiliwili, kisha gongo hufyatuka. Wapo wanaodai mikono yenye misuli inatosha. Haitoshi, kwa kuwa misuli mikubwa ya mwili iko mapajani na makalioni. Mikono inahitajika, naam, lakini zaidi kwa kulenga. Makocha, anzeni na miguu.