Mkono wa Pedali Unaolegea na Lugha ya Fizikia Shuleni

Huenda msomaji akastaajabu kumwona mtu aliyesomea isimu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kuchambua sauti na viambishi, akiitumia nafasi hii kuzungumzia mkono wa pedali ya baiskeli. Namwomba anivumilie, kwani sababu ninayo. Katika pwani yetu hii, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui na kupanda bara hata Ganze na Bamba, baiskeli ndiyo mashine ambayo mtoto wa shule huizoea mapema, huibeba, huifungua na kuifunga kwa mikono yake mwenyewe. Na miongoni mwa hitilafu zake zote, hakuna inayoudhi kama ile ya mkono wa pedali unaolegea, ukakazwa, kisha ukalegea tena kabla ya wiki kwisha.

Ni kweli kwamba pikipiki zimeiteka biashara ya bodaboda, jina ambalo lilianza na baiskeli za mpakani Busia katika miaka ya 1960. Hata hivyo baiskeli haijatoweka. Bado inabeba madafu, makuti, mikate, samaki na mitungi ya maji, na bado inawabeba wanafunzi ambao nauli ya kila siku ni mzigo kwa wazazi wao. Mkono wa pedali ukichomoka katikati ya safari, mwanafunzi huisukuma baiskeli kwa miguu na kufika somo la pili likiendelea. Hiyo ni bahati. Asiye na bahati ni yule ambaye mkono humteleza akiwa amesimama wima juu ya pedali, akijitahidi kulikwepa matatu katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi.

Ili tuelewane, yafaa tutofautishe aina mbili za baiskeli. Kuna zile nyeusi za zamani tulizozikuta kwa wazee wetu: Raleigh ya Nottingham, Hero ya Ludhiana, Phoenix ya Shanghai. Katika hizo ekseli ni ya chuma na ya mviringo, mkono nao ni wa chuma, na vyote viwili hushikanishwa na kijipini cha chuma chenye unene wa karibu milimita 9.5, kilichochongwa ubapa wa mshazari upande mmoja. Fundi hukigonga kwa nyundo kikaingia kwa nguvu, kisha hukifunga nati. Mafundi hukiita kotapini, lakini kwa kazi yake ni kabari tu, ndugu ya ile kabari ya kupasulia magogo. Kikilika, kinatupwa na kununuliwa kingine kwa shilingi chache, na baiskeli inaendelea kuishi.

Kisha kuna baiskeli za gia, zile za mlimani, ambazo nyingi hutufikia zikiwa mitumba kupitia bandari ya Mombasa. Hizi hazina kotapini. Katika nyingi zake, ncha ya ekseli imechongwa pembe nne, na unene wake hupungua kidogo kidogo kuelekea nje, mteremko wa nyuzi 2 tu kwa kila upande. Mkono wa alumini una tundu la pembe nne lenye upana wa karibu milimita 13. Bolti ikikazwa, huusukuma mkono upande ule mteremko. Alumini hutanuka kiasi kisichoonekana kwa macho, ikaibana ekseli kwa nguvu kubwa. Kwa maneno mengine, ekseli yenyewe ndiyo kabari. Bolti kazi yake ni kusukuma na kulinda. Kinachoshika hasa ni msuguano na mbano wa kuta nne za tundu lile.

Hapa naomba mwalimu wa fizikia achukue chaki. Mwendeshaji mwenye kilo 60 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedali iliyo mbele, na mkono ukiwa na urefu wa sentimita 17, anaizungusha ekseli kwa takriban newton-mita 100. Nguvu hiyo yote hupita katika tundu lile la milimita 13. Kama mkono haukubanwa vya kutosha, kila msukumo wa mguu huuchezesha unywele mmoja, na chuma kigumu hutafuna alumini laini. Pembe za tundu hupotea, na tundu la pembe nne huanza kufanana na yai.

Ndipo unapoanza mzunguko wa masikitiko. Mwenye baiskeli hukaza bolti. Mkono hupanda kidogo zaidi kwenye mteremko, kwa kuwa tundu limekwisha panuka. Baada ya siku mbili hukaza tena, nao hupanda tena. Mwishowe wosha ya bolti hugusa ncha ya ekseli. Tangu siku hiyo bolti itakuwa ngumu kama mwamba, na mkono bado utapwaya, maana bolti imeikaza ekseli na haikuukaza mkono. Nimewaona vijana wakilaumu bolti, wakanunua mpya, wakalaumu na hiyo. Jambo la kutazama ni dogo mno: bolti ikitolewa, ncha ya ekseli yapasa iwe ndani ya mkono kwa milimita moja au mbili. Ikiwa imelingana na ukingo au imechomoza, mkono huo umekwisha kazi.

Kwa nini haukukazwa ipasavyo tangu mwanzo? Kwa sababu ya spana. Bolti hii huhitaji newton-mita 35 hadi 50. Kwa spana yenye mpini wa sentimita 20, hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 20 kwenye ncha ya mpini. Kwa spana fupi ya sentimita 10, ile ambayo mwanafunzi huitia mfukoni, itabidi kilo 40, na kidole gumba hakizitoi. Fauka ya hayo kuna chumvi. Wakazi wa Gongoni na Marereni, ambako chumvi huanikwa mashambani, wanajua hewa ya bahari inavyotenda juu ya metali. Alumini na chuma vikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kuacha unga mweupe. Unga huo na mchanga vikibaki ndani ya tundu, mkono huonekana umekaa ilhali umekalia takataka. Kwa hiyo kabla ya kuufunga, ekseli na tundu vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi ving'ae. (Iwapo baada ya hapo ipakwe grisi au ibaki kavu ni mjadala ambao mafundi hawaumalizi, nami sitauingilia.) Ukazwe kwa spana ndefu namba 14, uendeshwe kilomita chache, ukazwe mara moja tena, kisha uachwe. Anayekaza kila asubuhi anaendelea kulipanua tundu.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa kuwa niliyapata kwa Kiswahili. Fundi ninayempelekea baiskeli yangu mjini Malindi ni mzee wa Kigiriama ambaye hakupita katika maabara yoyote. Siku niliyompelekea yenye mkono unaopwaya, aliushika, akautikisa mara moja, akasema: "Mwalimu, huu haujalegea. Huu unacheza."

"Mzee, kuna tofauti gani?" nikamuuliza.

"Uliolegea unataka spana. Unaocheza umekwisha kula. Hata ukaze na mtalimbo, kesho utacheza."

Kwa mtu wa isimu, sentensi hizo zina thamani kubwa. Mzee huyu amegawanya ugonjwa mmoja katika magonjwa mawili, na mgawanyo wenyewe ameuweka katika vitenzi. *Umelegea* ni hali iliyotokea na inayoweza kurudishwa nyuma. *Unacheza* ni tendo linaloendelea, na mtendaji wake ni mkono wenyewe. Tangu hapo nikawa nakaa kwenye benchi lake na daftari. Nati *huuma* ikishika hesi sawasawa. Hesi *hufa* ikisagika. Gololi *hulia* zikikosa grisi. Ekseli *hula* upande mmoja ikipinda. Hizi si tashbihi za kupamba mazungumzo. Kila kitenzi kina tiba yake: kinacholia hupakwa mafuta, kilichokufa hubadilishwa, kilicholegea hukazwa. Fundi akikosea kitenzi, mteja atapoteza fedha.

Aliniambia pia jambo ambalo kila mwenye baiskeli yafaa alijue. Bolti zinazofunga mikono miwili kwenye ekseli zote hukazwa kwa kuzungushwa kulia. Lakini pedali ya kushoto, pale inapoingia katika mkono, hesi yake imekatwa kinyume: kuikaza ni kuizungusha kushoto. Pedali ngapi hazikuharibiwa na vijana wenye nguvu waliokuwa wakiifungua kumbe wanaikaza!

Sasa twende shuleni. Nimepata kuwauliza wanafunzi wa kidato cha pili, katika shule moja ya kaunti hii, wanataje mashine rahisi. Walizitaja zote kwa Kiingereza, kwa kasi ya kasuku, pamoja na kanuni zake. Nikawauliza baiskeli iliyoegemezwa nje ya dirisha ina mashine rahisi ngapi. Kimya kilitanda. Mmoja alijaribu breki, akaishia njiani kwa kukosa maneno ya Kiingereza, na maneno ya Kiswahili aliyokuwa nayo hakuyaona kuwa yanafaa somo lile. Msichana mmoja, ambaye baadaye nilijua kwamba baiskeli ile ilikuwa yake, aliweza kuniambia nje ya darasa kwamba mkono wa kushoto "unacheza." Ndani ya darasa hakuthubutu.

Watetezi wa hali hii hutwambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Dai hilo lilikwisha jibiwa ng'ambo ya mpaka. Tanzania iliwafundisha watoto wa shule za msingi kwa Kiswahili tangu 1967, na humo mtoto hukutana na nyenzo, kabari, roda na parafujo, akajua egemeo ni lipi, mzigo ni upi na jitihada ni ipi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Sisi Wakenya tulikifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, na katiba ya 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi. Lakini tukakifungia katika chumba cha methali na ushairi. Mwanafunzi wetu huweza kuchambua mizani na vina bila kutetereka, asiweze kuandika aya moja ya Kiswahili kueleza kwa nini bolti hulegea.

Tena msamiati wenyewe haukutokea katika kamati. Neno karakana lilitoka Uajemi, parafujo ni la Wareno, spana na nati tulizitwaa kwa Waingereza, na hakuna fundi aliyesubiri kibali cha msomi kuyatumia. Nakiri kwamba huwa sina subira na wenzangu wanaokaa mezani kubuni istilahi ndefu za vitu ambavyo vina majina barabarani. Mkono wa pedali ni mkono. Kabari ni kabari. Kazi yetu wanaisimu ni kwenda kuyachukua majina hayo yalipo, kuyaandika kwa usahihi na kuyapeleka kwa watunzi wa vitabu.

Sipendekezi Kiingereza kiondolewe katika fizikia. Mitihani iko kwa Kiingereza, na mwanafunzi atakihitaji kesho. Ninachotaka ni kidogo, na mwalimu mwenye nia anaweza kukitenda muhula huu bila waraka wa wizara. Achague kipindi kimoja maradufu. Baiskeli moja ya zamani na moja ya gia zipinduliwe mbele ya darasa. Kotapini itolewe, ipitishwe mikononi mwa wanafunzi, waone ubapa wake na walinganishe na ekseli ya pembe nne. Mkono wa alumini uliokwisha kazi uwekwe kando ya mpya, na kila mmoja atie kidole tunduni ahisi pembe zilizopotea. Wapime urefu wa mkono, wapige hesabu ya newton-mita, kisha waandike maelezo mara mbili: kwa Kiingereza katika daftari la fizikia, na kwa Kiswahili katika daftari la insha. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wasahihishe pamoja, jambo ambalo sijaliona likitendeka katika shule yoyote niliyotembelea.

Na mbele ya darasa, mwenye spana awe fundi wa karibu na shule. Aitwe kwa heshima, aketishwe kiti cha mgeni, na azungumze kwa maneno yake mwenyewe pasipo kusahihishwa sarufi. Alipwe pia ujira wa saa hizo, kwa kuwa wakati yeye yuko darasani, benchi lake kule sokoni liko tupu na wateja wanamsubiri.