Fundi, Weka Kando Karai la Petroli: Mashine ya Mawimbi ya Sauti Husafisha Vipuri kwa Maji na Sabuni

Katika gereji nyingi za pikipiki na magari, usafishaji wa kabureta hufuata njia moja: kipuri hutiwa ndani ya karai la petroli, husuguliwa kwa mswaki mkuukuu, kisha vitundu vyake huchokolewa kwa waya. Mazoea haya yana hatari tatu.

Ya kwanza ni moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata mahali penye baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi ukutane na jiko la makaa, cheche ya swichi au mashine ya kuchomelea iliyo kibanda cha pili. Ya pili ni afya. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani, nayo humfikia fundi kwa kuivuta puani na kupitia ngozi. Ya tatu ni hasara kwa mteja. Jeti ya kabureta ni ya shaba laini. Waya ukipanua kitundu chake hata kidogo, pikipiki huanza kunywa petroli kupita kiasi.

Jinsi inavyofanya kazi

Mashine hii ni beseni la chuma lisiloshika kutu, lenye vifaa vya kutikisa maji vilivyobandikwa upande wa chini. Nyingi hutikisa maji mara 40,000 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye mitikisiko 20,000 kwa sekunde, ndiyo maana sauti yenyewe huisikii, ila mvumo tu. Mitikisiko hiyo huzalisha viputo vidogo mno visivyohesabika. Kila kiputo kinapopasuka karibu na chuma, hubandua uchafu. Maji hufika mahali ambapo mswaki haufiki, kama vile ndani ya jeti, kwenye vijia vya kabureta na kwenye hesi za bolti.

Hatua za kufuata

1. Fungua kipuri chote. Toa boya, gasketi na mipira, kisha kwangua grisi nzito na matope.
2. Jaza maji hadi kwenye alama, utie sabuni iliyotengenezewa mashine hizi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.
3. Pasha maji hadi nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Washa mashine kwa dakika 5 hadi 10 bila kipuri ili hewa iliyomo majini itoke.
4. Weka kipuri ndani ya kikapu chake. Kisilale kwenye sakafu ya beseni, kwani mitikisiko itaharibu kipuri na mashine pia.
5. Anza na dakika 10, kagua, kisha urudie ikihitajika.
6. Suuza kwa maji safi, pulizia hewa ya kompresa na kukausha. Vipuri vya chuma vipake mafuta mara moja, la sivyo vitashika kutu.

Yasiyofaa kabisa

Usitie petroli, tina wala spiriti ndani ya mashine. Joto na umeme vikikutana na mvuke wake, moto ni jambo la dakika tu. Usitie magadi makali (kostiki) kwenye vipuri vya alumini, kwa kuwa huvila. Usitumbukize mkono mashine ikiwa inafanya kazi, wala usiiwashe bila maji. Beringi zilizofunikwa zisiingizwe, kwani maji yakipenya huosha grisi yake. Tumia soketi yenye waya wa kwenda ardhini, na uvae glavu na miwani. Mwenye gereji aliye na vibarua au wanagenzi anawajibika kulinda usalama wao chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

Maji machafu yaende wapi?

Maji yaliyotumika yana mafuta na chembe za metali. Kuyamwaga mtaroni ni kuyapeleka mtoni, na mto huo ndio unaonywesha mifugo na mashamba yetu. Yaache yatulie, yatenganishe na mafuta yaliyoelea, kisha yahifadhi kwenye mtungi pamoja na oili chafu hadi yachukuliwe na mkusanyaji taka mwenye leseni ya NEMA.

Kabla ya kununua

Pima mashine papo hapo dukani. Jaza maji, iwashe, kisha ning'iniza ndani kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni kwa dakika moja. Karatasi ikitoka na vitundu au vidoti vilivyoenea sawasawa, mashine ina nguvu. Ikitoka kama ilivyoingia, iache.

Mashine haitarudisha kipuri kilicholika, na fundi mmoja huenda asiimudu peke yake. Lakini mafundi wa eneo moja wakichanga kupitia chama chao, mashine moja yaweza kuhudumia vibanda kadhaa, na karai la petroli likaondoka katikati yao.